Nkambo Anaenda Kolwezi

Huku kwetu mu miji ya migodi, kila mutaa uko na motokari moja yenye watoto wote wanajua jina lake. Kwetu ku Katuba, Lubumbashi, ile motokari ni yetu. Tunaiita Nkambo, kwa sababu inakohoa asubui, inapanda mulima pole pole, na hakuna mutu anakubali kuicheka kama hayuko wa familia.

Nkambo ni Toyota TownAce ya mwaka 1992, basi dogo la watu munane. Rangi yake ni kijivu, lakini mulango wa kusukuma ni wa buluu: ulitoka ku motokari ingine yenye ilikwisha kufa. Volani iko kuume, sawa vile motokari nyingi zenye zinatoka Japani. Masini haiko mbele. Iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuangalia mafuta ao maji, unalomba kwanza mwenye kukaa asimame, kisha unainua kiti. Ndiyo sababu mwenye kukaa mbele anasikia shida mapema kuliko wengine: inamuunguza chini.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2023 tulipanda mu Nkambo watu sita: Papa, Mama, mudogo wangu mwanamuke, mimi, na watoto wangu wawili. Tulikuwa tunakwenda Kolwezi, safari ya kilomita karibu 300. Papa alitaka kuona tena nyumba yenye sisi wote tulizaliwa ndani yake, mbele macho yake hayajafunga kabisa. Lakini kaka yetu mukubwa, mwenye kuishi kule Kolwezi, alikuwa na neno lingine. Alipata mutu wa kununua Nkambo kwa dola 400, ili aivunje na kuuzisha piesi na vyuma. Alituambia mu telefone: «Mulete Papa, mwache motokari hapa, mutarudia na basi.» Basi ile safari ilikuwa ya kuaga. Papa alikuwa anaaga nyumba. Sisi, pengine tulikuwa tunaaga Nkambo.

Feza yenye mapine ine

Papa alitumika ku migodi ya Kolwezi miaka 27. Mu mwaka wa 2003 na wa 2004, wafanya-kazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa njia yenye kila mutu huku anajua kwa jina la Kifaransa: «départ volontaire». Papa alikuwa mumoja wao. Kila mutu alipokea feza yake mara moja, na kila mutu alipaswa kuchagua atafanya nayo nini. Wengine walifungua duka, wengine walinunua kiwanja, wengine walirudi mu kijiji kulima. Papa alituhamisha Lubumbashi, akanunua nyumba ndogo, na kwa feza yenye ilibakia akanunua Nkambo: dola 3 200, pamoja na duane.

Mama hakufurahi. Ninakumbuka neno lake siku ile: «Ile feza ya miaka 27, sasa iko na mapine ine. Siku moja itatembea, itaenda.»

Pengine unajiuliza juu ya nini motokari za Japani zinatufikia huku zingali na nguvu. Kule Japani, motokari mupya inapitishwa ku ukaguzi wa serikali kisha miaka mitatu, na tangu pale kila miaka miwili. Ule ukaguzi ni wa bei, na watu wengi wanaona heri kuuzisha. Motokari zinapanda meli mupaka Dar es Salaam, kisha zinapita barabara ya Tanzania na Zambia, karibu kilomita 2 000, mupaka Kasumbalesa. Kule kote watu wanaendesha kushoto, na volani ya kuume iko sawa. Lakini ukivuka mupaka wa Kasumbalesa, unaingia mu inchi yenye kuendesha kuume, na volani ingali kuume. Tangu pale, mwenye kuendesha anakuwa nusu kipofu. Hilo neno mulikumbuke, kwa maana tutalirudilia.

Kaye ya Papa

Siku yenye Nkambo iliingia mu kiwanja, Papa alinunua kaye ya watoto wa shule, yenye kurasa 100. Ku ukurasa wa kwanza aliandika: «Tarehe tuliyoipata, kilomita 147 000.» Kisha akaandika mara moja kazi ya kwanza: kubadilisha ule mukaba wenye mafundi wanaita kurwa ya distribusio. Masini ya Nkambo ni ya mazutu, aina ya 2C, na ule mukaba unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100 000. Kuko hata taa ndogo ku tablo yenye inawaka wakati unapotimia. Lakini motokari ya okazio, hujui kama mutu alirudisha kompteri nyuma, wala kama alizima taa bila kubadilisha kitu. Ule mukaba ukikatika, vyuma vya ndani vinagongana na masini inaharibika. Papa hakungojea. Alisema: «Kompteri ni mutu simujui. Siwezi kumuamini siku ya kwanza.»

Tangu siku ile, kila kitu kiliandikwa mu kaye. Mafuta ya masini kila kilomita 5 000. Freni. Mapine. Filtre ya mazutu, kwa sababu mazutu yenye kuuzishwa mu bido pa barabara inakuja pamoja na maji na muchanga. Bei ya kila kitu, jina la fundi, na hata neno la fundi. Pahali moja kumeandikwa: «Fundi alisema bado itatembea mwezi moja. Ilitembea siku ine.» Kompteri yenyewe ilikufa mu mwaka 2015, ku kilomita 398 000. Papa aliendelea kuandika kwa kuhesabu siku.

Na Nkambo ilitumika. Asubui ilipeleka wamama wa soko na vikapo vyao. Muchana ilikuwa taksi-basi. Siku ya Posho ilibeba wanakwaya, na saa ya matanga ilibeba viti, masufuria na wafiwa. Kwa ile kazi, watoto wane tulikula na tulisoma.

Njia iko? Ngoja

Tulitoka Katuba saa kumi na moja ya asubui. Mwezi wa kumi, joto kwetu ni kali kuliko miezi yote: mvua haijafika, nyasi zimeungua, na vumbi ni nyekundu mupaka mu meno. Kufika saa ya jua kutoka, tulikuwa tumekwisha kuacha nyuma ile shimini kubwa ya Lubumbashi na mulima mweusi wa takataka za shaba kando yake.

Mudogo wangu ndiye alikuwa anaendesha. Yeye ni mwalimu, na ku nyumba yetu ndiye dereva wa kwanza. Mimi nilikaa kushoto kwake, na kazi yangu ilikuwa kuwa macho yake. Kwa maana ile barabara ya Likasi na Kolwezi ndiyo barabara ya makamio yenye kubeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa. Ni marefu, yanafuatana, na mwenye kukaa kuume hawezi kuona mbele yao. Kila mara alitaka kupita kamio, aliuliza:

«Yaya, njia iko?»

Ninachungulia. «Ngoja.» Kisha: «Ngoja tena. Sasa, iko. Pita!»

Naye anapita. Haangalii yeye mwenyewe, kwa maana hawezi. Anaamini tu neno langu, na watu wane wengine mu motokari wanaliamini pamoja naye.

Kandokando ya barabara tuliona vichuguu vikubwa vya Katanga, virefu kupita nyumba, na magunia ya makala yenye kusimama sawa watu wenye kungojea basi. Tulilipa peaje. Tulivuka Lufira. Wazee wangali wanasimulia ginsi madaraja ya Lufira yalivunjwa mwanzo wa mwaka 1963, wakati wa vita ya kujitenga kwa Katanga, kusudi waaskari wa Umoja wa Mataifa wasifike upesi Likasi, mji wenye mupaka 1966 uliitwa Jadotville. Watoto waliuliza: «Na walipita?» Mama akajibu: «Walipita. Mutu mwenye kutaka kupita, anapita.»

Mimi sikucheka pamoja nao. Lufira, mimi niko na neno langu nayo.

Mwaka wa 2011

Mwezi wa munane wa 2011 nilikuwa na miaka 22 na nilikuwa ninaendesha Nkambo ku taksi. Ile siku nilipeleka watu Likasi, nikapata wengine wa kurudi, na nilitaka kufika Lubumbashi mapema ili nifanye safari ya pili. Ku Lufira niliona sindano ya moto imepita katikati. Ilikuwa inapanda. Niliiona vizuri. Nikajiambia: nitafika.

Musomaji, kulasi ni kile kifuniko kizito chenye kinafunga masini upande wa juu. Ku masini kama ile ya Nkambo ni ya aluminiumu, na chini yake kuko chuma. Maji yakipunguka, moto unapanda, na hivi viwili havinyooki sawasawa. Kulasi inapinda, kisha inapasuka. Haichukue siku. Inachukua ile nusu saa yenye mutu anasema «nitafika».

Nkambo ilizimika kilomita 25 mbele ya mji, mu moshi mweupe. Abiria walitaka feza yao. Fundi alifungua, akaonyesha Papa mustari wa kupasuka, mwembamba sawa unywele. Kulasi ya okazio, juenti, kusawazisha, mukono wa fundi: dola 1 150.

Mu nyumba kulikuwa dola 1 200. Ilikuwa feza ya mudogo wangu. Alikuwa amepata diplome ya Leta mwaka ule, na ile feza ilikuwa ya kumuandikisha ku iniversite na kumulipia chumba. Papa alikaa usiku muzima pa meza na kaye yake. Asubui alimuita, akamuambia: bila motokari, wote wane wataacha masomo, na motokari, mumoja atangojea. Yeye alisema: «Ndiyo, Papa.» Mwaka muzima aliuzisha mikate pa arè ya basi, na marafiki wake walikuwa wanapita mbele yake na vitabu.

Na mimi? Papa aliniuliza mara moja tu: «Uliona sindano?» Nilijibu: «Hapana, Papa. Ilipanda kwa gafula.» Hakuuliza tena. Ndilo neno lenye nilibeba miaka 12.

Sindano inapanda tena

Kisha Likasi barabara inapanda mu vilima, upande wa Kambove. Zamani ile sehemu ilikuwa vumbi na mashimo, na watu walilala njiani. Leo kuko lami, lakini mulima ni ule ule. Ilikuwa karibu saa ine ya asubui. Jua lilikuwa kali. Mbele yetu kamio moja lilikuwa linapanda polepole.

«Yaya, njia iko?»

Nilichungulia. Njia ilikuwa wazi kabisa. Lakini kabla sijajibu nilisikia moto chini ya kiti. Niliangalia tablo. Sindano ilikuwa imeacha pahali pake. Haikuwa mbali: upana wa kidole tu.

«Njia iko,» nikasema, «lakini sindano inapanda.»

Hakujibu neno. Alifungua chofaji mupaka mwisho, mu joto ile yote, ili moto wa masini utokee mu motokari, watoto wakalia. Akatia kliniota, akatoka pa lami, akasimama chini ya muti. Alizima masini. Kwa ujumla, tangu nilipoliona mupaka tulipozima, pengine dakika mbili.

Kisha ilianza kazi yenye vijana hawapende: kungojea. Hatukufungua kifuniko cha radiatere. Watu wengi wameungua uso kwa kufungua kifuniko wakati maji yangali yanachemuka. Hatukumwanga maji baridi juu ya masini, kwa maana chuma chenye moto kikipigwa na maji baridi kinaweza kupasuka. Tuliinua kiti tu, tukaacha upepo upite. Mama alitosha bukari na samaki. Watoto walikwenda kupanda kichuguu.

Papa akasema: «Mama, nisomee kaye.» Anamuita binti yake hivyo. Macho yake hayasomi tena, lakini anapenda kusikia. Mudogo wangu alikuwa anafungua kurasa ovyo-ovyo, anasoma: mapine mawili ya 2009, bateri ya 2013, mulango wa buluu. Kisha akafika ku mwaka 2011. Akasoma kwa sauti ile ile:

«Mwezi wa munane. Kulasi. Dola 1 150. Sindano ilipanda. Mutoto hakuona.»

Akanyamaza. Mama akaanza kukusanya sahani. Nilikuwa ninaangalia ile muchanga nyekundu mbele ya viatu vyangu, na nikasikia ninasema: «Niliona.»

Hakuna mutu alisema kitu. Kamio ikapita, kisha ingine.

«Niliona ku Lufira. Nilikuwa na lazima ya safari ya pili. Nilidanganya Papa. Na wewe, mudogo wangu, uliuzisha mikate mwaka muzima juu ya ile safari.»

Papa ndiye alijibu kwanza. «Nilijua. Miye natumika na masini miaka 27. Kulasi haipasukake kwa gafula. Niliandika vile weye ulisema, juu kaye ni ya kuandika maneno yenye watu wanasema. Nilikuwa nangoja useme ingine.»

Mudogo wangu hakuniangalia. Alifunga kaye, akaifungua tena. Mwishowe akasema: «Miaka 12, Yaya. Na kila siku nakuuliza njia iko.» Kisha akaenda kutembea peke yake upande wa kichuguu, na sikumufuata. Sikuwa na haki ya kumuharakisha.

Kisha saa moja na nusu, masini ilikuwa imepoa. Tulitafuta, tukapata: ilikuwa kampira kamoja kenye kupitisha maji, kenye mafundi wanaita diriti, kalikuwa kamepasuka kidogo karibu na mwisho wake. Mu sanduku ya Papa, chini ya kiti cha nyuma, kulikuwa diriti ya akiba, vifungo vyake, mukaba wa ventilatere, ampule mbili, waya na bido mbili za maji safi. Ile piesi ilikuwa ya dola sita. Tuliifunga, tukajaza maji pole pole, tukawasha masini, tukangojea tena. Sindano ilikaa pahali pake.

Mudogo wangu alinipatia biki na kaye. «Andika,» akasema.

Niliandika chini ya maneno ya Papa: «Aliona. Hakusimama.» Nikatia jina langu.

Nyumba yenye robine

Tulipita Fungurume, na mugodi wake mukubwa na watu wake wengi kandokando ya barabara. Tulivuka Lualaba, ule muto wenye unakuwa Kongo kule mbele. Tulifika Kolwezi mangaribi, tumechelewa saa tatu, wote wazima.

Kesho yake asubui tulipeleka Papa ku nyumba. Mutaa umebadilika sana. Ukuta ulijengwa mbele, na mu dirisha la chumba chetu mutu anauzisha unité za telefone. Papa hakutaka kuingia. Alikaa mu Nkambo, mulango wa buluu wazi, na wenye nyumba walikuja kumusalimia kwa heshima. Aliwauliza neno moja tu: kama robine ya mu kiwanja ingali inatoka maji. Walisema inatoka, lakini usiku. Akasema: «Hata wakati wetu ilikuwa usiku.» Kisha akalomba turudi.

Mwenye kununua vyuma alikuwa anatungojea kwa kaka. Alizunguka Nkambo mara mbili, akapiga teke pine. Dola 400. Kaka alisema: «Munabeba Papa mu hii kitu mupaka siku gani?» Lilikuwa swali la haki, na halikupaswa kujibiwa na machozi.

Mudogo wangu akafungua kaye. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu usiku. Tangu 2004 mupaka 2023, miaka 20: matengenezo yote, bila mazutu na asuransi, dola 9 640. Weka juu yake bei ya kununua, 3 200. Jumla ni 12 840, ni kusema dola 642 kwa mwaka, karibu 54 kwa mwezi. Basi dogo lingine la okazio, lenye umri mudogo kidogo, ku Lubumbashi wanalomba 6 500, na hatuko nazo. Lakini alisoma pia upande mwingine: mu 2021 tulitumia dola 380, mu 2022 dola 510, na mu 2023, mbele mwaka haujaisha, ilikwisha kupita 700. «Nkambo haidanganye,» akasema. «Inatuambia kama inachoka.»

Kwa hivi tulipatana vile. Nkambo haitauzishwa kwa dola 400, kwa maana mwaka moja wa kazi yake ndani ya mji unaleta zaidi. Lakini safari ya kurudi itakuwa safari yake ndefu ya mwisho. Kila mwezi kila mumoja wetu wane atatia dola 25 mu sanduku ya kununua ingine. Na siku freni ao chasi itakataa, hakuna hesabu tena: siku ile inasimama, hata kama kuko arusi, hata kama kuko matanga. Papa alikubali. Kaka pia alikubali, na ndiye alitia dola 25 za kwanza.

Kwa wenye kulinda motokari ya zamani

Wengi kati yenu, wandugu, muko na motokari sawa hii. Kaye ya Papa inafundisha maneno machache, na tunayaweka hapa kwa vijana wenye kuanza kuendesha.

Andika kila kazi, tarehe na bei. Mwenye hana kaye anafikiri motokari yake haimulipishe kitu, mupaka siku inamulipisha yote pamoja.

Ukinunua okazio, badilisha kurwa ya distribusio, mafuta na filtre mbele ya kila kitu, hata kama muuzaji anaapa.

Angalia maji na mafuta asubui, masini ikiwa baridi. Maji yakipunguka kila siku, kuko pahali yanatokea. Tafuta pale, usizoee kuongeza tu.

Usipakie kupita viti. Freni za motokari ya watu munane zilifanywa kwa watu munane.

Beba diriti ya akiba na maji. Na sindano ikipanda, simama. Usimame mbele ya kujiuliza.

Tulirudi Lubumbashi siku ya tatu. Mudogo wangu aliendesha tena, mimi nilikaa kushoto. Mupaka Fungurume hakuniuliza kitu. Alikaa tu nyuma ya makamio, pole pole, vumbi yote yao kwetu. Sikusema neno. Karibu na Kambove, kamio moja ya zamani ilikuwa inatoa moshi mweusi mu uso wetu, na watoto wakaanza kukohoa.

«Yaya,» akasema, bila kugeuza kichwa. «Njia iko?»

Nilichungulia muda murefu kupita siku zote.

«Ngoja,» nikasema.

Akangojea.